Jicho Kabla ya Sindano: Nasaha kwa Anayetaka Kuwa Muuguzi

Mwanangu unayetaka kusomea uuguzi,

Kila mwaka, matokeo ya kidato cha nne yakishatoka, huja kwangu hapa Unguja vijana wa mtaani na wengine kutoka shamba, wameletwa na mama zao au wamekuja wenyewe. Wanajua kwamba nimefanya kazi hii mpaka nimestaafu. Huniuliza chuo gani kizuri, ada kiasi gani, ajira ipo au haipo. Ni maswali ya haki. Lakini ni wachache wanaoniuliza kazi yenyewe ni kazi gani, nami naona hilo ndilo la kuanza nalo, kwani ukilijua utajua na namna ya kujitayarisha.

Uuguzi ni kumtazama mgonjwa. Daktari hufika asubuhi, akamsikiliza mgonjwa, akampima, akaandika, akaenda kitanda cha pili. Muuguzi hubaki. Ndiye aliyepo saa nane za usiku homa inapopanda, ndiye aliyepo alfajiri mzee anapoanza kuhema kwa tabu, ndiye anayejua kwamba mtoto wa kitanda cha dirishani jana alikuwa akilia na leo amenyamaza, na kwamba ukimya ule si wa kupata nafuu. Hali ya mgonjwa hubadilika kidogo kidogo, na mabadiliko hayo huonekana na mtu anayekaa naye. Kuchoma sindano utafundishwa na utaweza. Jicho la kuona linahitaji muda mrefu zaidi, na unaweza kuanza kulilea kabla hujaingia chuoni.

Nikupe mfano wa mama aliyejifungua usiku. Mtoto kalia, kakaushwa, kawekwa kifuani kwa mama yake, na jamaa walioko nje wameshapiga simu kwao Bumbwini kupeleka habari njema. Mama kalala kimya. Mwanafunzi asiyejua kutazama atapita, aseme alhamdulillahi, mwacheni apumzike. Anayejua kutazama atasimama. Atamsikia mama akisema ana kiu, kisha akirudia kwamba ana kiu. Atamshika kifundo cha mkono akute mshipa unakwenda mbio, mapigo 120 kwa dakika, na paji la uso lina jasho la baridi. Akipima presha ataikuta bado haijashuka. Hapo ataomba ruhusa, atamgeuza mama ubavu kidogo na kutazama chini yake. Kanga mbili tatu zilizokunjwa huweza kunywa damu nyingi bila ya tone moja kuonekana juu ya shuka. Ataweka mkono juu ya tumbo, karibu na kitovu, aone kama mfuko wa uzazi umekaza au umelegea, huku akimwita mkunga kwa sauti bila ya kumwacha mama peke yake.

Damu ikifika mililita 500 baada ya kujifungua kwa njia ya kawaida huhesabiwa kuwa ni nyingi mno, na kwa mama aliyekuwa na upungufu wa damu tangu mwanzo, hata chini ya hapo ni hatari. Mshipa huanza kwenda mbio kabla presha haijashuka. Anayengoja presha ishuke ndipo aite msaada, ameshachelewa. Kinachomwokoa mama kama yule ni mtu anayesikia neno kiu akajiuliza kwa nini, akainua kanga akatazama.

Kazi hii ina watangulizi wa kujivunia. Rufaida al-Aslamiya, bibi wa Madina, alikuwa na hema lake katika msikiti wa Mtume, na humo ndimo alimopelekwa Saad bin Muadh alipojeruhiwa katika Vita vya Khandaq. Florence Nightingale alikwenda Scutari mwaka 1854 kuwauguza askari, akahesabu waliokufa na sababu za vifo vyao, na hesabu zile zikaonyesha kwamba maradhi ya uchafu na msongamano yaliua wengi kuliko majeraha. Mwaka 1860 ikafunguliwa skuli yake ya wauguzi katika hospitali ya St Thomas, London. Na hapa hapa Unguja, kipindupindu kilipoingia mwaka 1869 na kuua watu kwa maelfu, tabibu James Christie aliyekuwa akiishi mjini aliwauliza wafanyabiashara wa misafara na watu wa majahazi maradhi yamepita njia gani na yamefika wapi, akaandika kitabu kilichotoka mwaka 1876. Wote hao walitazama, wakauliza, wakaandika. Ukishika faili la mgonjwa unaingia katika safu hiyo.

Sasa tuje kwenye matayarisho, na tuanze na skuli. Kwa utaratibu wa Tanzania, anayeomba stashahada ya uuguzi na ukunga huhitajika awe na ufaulu wa masomo yasiyopungua manne katika kidato cha nne, yasiyokuwa ya dini, na ndani yake ziwemo Baiolojia, Kemia na Fizikia. Hesabu na Kiingereza humwongezea mwombaji nguvu. Soma mwongozo wa mwaka wako mwenyewe, usitegemee wa dada yako aliyeingia zamani, kwa sababu masharti hubadilishwa. Na wewe uliye bado kidato cha pili unayesema utaacha Kemia kwa kuwa mwalimu wake mkali, ujue unajifungia mlango kwa mkono wako.

Masomo hayo hayakuwekwa kwa ajili ya kukuzuia. Chukua hesabu. Daktari kaandika mgonjwa apewe lita moja ya maji ya dripu kwa saa nane. Mpira ulionao unatoa matone 20 kwa kila mililita. Mililita 1000 ukigawa kwa saa 8 ni 125 kwa saa. Zidisha kwa 20, gawa kwa dakika 60, unapata matone 42 hivi kwa dakika. Unasimama na saa yako, unahesabu matone, unarekebisha. Ukiacha yaende mbio kwa mzee mwenye moyo dhaifu, maji yatamjaa mapafuni. Au mtoto kaandikiwa miligramu 250 za dawa, na chupa inasema miligramu 125 katika kila mililita 5. Basi atapewa mililita 10. Nukta ikihama pahala pake, dozi imezidi mara kumi. Anayesema hesabu hazimhusu kwa kuwa yeye anataka kuuguza tu, hajajua bado kwamba hesabu hizo ndizo uuguzi. Fanya zoezi la namna hii kila siku, kwa kalamu na karatasi, mpaka mkono wako uzoee, kisha rudia kuhakiki hata unapokuwa na hakika.

Lugha nayo ina mambo mawili. Vitabu na mitihani ya chuo ni kwa Kiingereza, na wengi wamelia mwaka wa kwanza kwa sababu hiyo, si kwa ugumu wa somo. Soma Kiingereza sasa hivi, kidogo kila usiku. Lakini mgonjwa wako atakueleza kwa maneno ya kwao. Bibi wa Makunduchi atakwambia chango limempanda, mvuvi wa Nungwi atasema mshipa unamsumbua, mwengine atakwambia moyo unampapa. Usimcheke wala usimkatize. Muulize: wapi, tangu lini, maumivu yanakuja na kuondoka au yamekaa hapo hapo, ukila yanazidi au yanapungua? Kisha andika alilosema kama alivyolisema, ndipo uandike uliloliona wewe. Usichanganye mawili hayo, maana atakayesoma faili lako zamu ya usiku anategemea ajue lipi la mgonjwa na lipi lako.

Kuhusu chuo, usiende kwa kusikia. Hapa Unguja wengi wetu tunakijua Chuo cha Afya cha Mbweni, ambacho sasa kiko chini ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA. Vipo na vyuo vya watu binafsi, hapa na Tanzania Bara. Kabla hujatoa senti, hakikisha chuo kimesajiliwa na mamlaka inayohusika na kwamba kozi yenyewe inatambuliwa. Baada ya masomo utatakiwa usajiliwe na uwe na leseni: Zanzibar tunalo Baraza letu la Wauguzi na Wakunga, na Bara wanalo lao. Bila ya leseni hugusi mgonjwa kwa jina la muuguzi, hata ukawa na cheti kilichopambwa vipi. Uliza pia wanafunzi hufanya mafunzo ya vitendo wapi na nani huwasimamia wodini. Chuo chenye jengo zuri lakini hakina pahala pa kuwapeleka wanafunzi wakajifunze kitandani, kitakupa maneno matupu. Tayarisha mapema cheti cha kuzaliwa, vyeti vya skuli na kitambulisho, na angalia majina yako yafanane katika karatasi zote. Herufi moja imeshawarudisha watu nyumbani. Na akikujia mtu anayesema atakupitishia maombi kwa bahashishi, mkimbie.

Nakusihi utayarishe na mwili. Chanjo ya homa ya ini aina ya B kwa kawaida hutolewa mara tatu: ya kwanza, ya pili baada ya mwezi mmoja, ya tatu baada ya miezi sita tangu ile ya kwanza. Ukiianza sasa utaingia wodini na kinga yako. Zamu ya usiku haitaki ushujaa, inataka mtu aliyelala mchana wake. Wazoeshe watu wa nyumbani kuheshimu usingizi wako. Tafuta viatu vilivyofungwa mbele, visivyoteleza, maana utasimama mpaka magoti yaote moto. Kucha fupi, bila ya rangi wala kucha za kubandika. Pete na bangili ziache nyumbani. Jifunze kuosha mikono kwa sabuni kwa sekunde 40 mpaka 60: viganja, migongo ya mikono, kati ya vidole, dole gumba, ncha za vidole. Kabla ya kumgusa mgonjwa na baada ya kumgusa, kila mara, hata kama hakuna anayekutazama. Ukishatumia sindano usirudishie kifuniko chake. Itie moja kwa moja katika boksi la taka zenye ncha kali. Ikitokea ukajichoma, usione haya wala usifiche. Osha kwa maji na sabuni, sema hapo hapo, kwa sababu dawa za kuzuia Virusi vya Ukimwi zinatakiwa zianzwe mapema iwezekanavyo, wala zisipite saa 72. Anayeficha ili asionekane mzembe anacheza na maisha yake.

Kisha kuna adabu, na hapa kwetu adabu ni nusu ya dawa. Anza na shikamoo. Mwite mzee bibi au babu, mwite mkubwa wako mama, baba, kaka au dada. Usimwite mtu kwa namba ya kitanda wala kwa maradhi yake. Sema jina lako na unalotaka kufanya kabla mkono haujafika mwilini mwake. Vuta pazia. Kama hakuna pazia, mwombe jamaa yake ashike kanga. Ukimwosha mgonjwa, funua sehemu unayoiosha tu, iliyobaki ifunike. Mwanamke akiomba ahudumiwe na mwanamke mwenziwe, mtafutie ikiwezekana, na isipowezekana mweleze kwa upole na asiachwe peke yake na aibu yake. Kijana wa kiume unayeona haya kwamba uuguzi ni kazi ya wanawake, ondoa fikra hiyo. Wapo wazee wa kiume wanaokaa na maumivu ya kuziba mkojo usiku kucha wakingoja mwanamme mwenzao wamweleze, na siku hiyo utajua thamani yako.

Majina yetu yanafanana, nalo ni jambo la hatari. Katika wodi moja unaweza kumkuta Fatma Juma Ali na Fatma Ali Juma, vitanda vimekaribiana. Usimwendee mtu ukamwambia, "Wewe ndiye Fatma Juma?" Mgonjwa aliyechoka ataitikia ndiyo kwa lolote. Mwambie akutajie mwenyewe majina yake matatu, umri wake na anakotoka, ulinganishe na faili. Mgonjwa sahihi, dawa sahihi, kipimo sahihi, njia sahihi, wakati sahihi: hayo matano yawe ulimini mwako kama unavyozijua nyiradi zako, na ukishatoa dawa andika papo hapo.

Siri ya mgonjwa ni amana. Unguja ni ndogo. Unayezungumza naye kwenye daladala ya kwenda Fuoni huenda akawa shemeji wa mgonjwa wako, na anayekusikiliza ukingoni mwa kichochoro cha Mji Mkongwe huenda akawa mkwewe. Usitaje jina, usitaje mtaa, usitoe hata ishara. Simu yako isipige picha wodini. Mama yako mzazi akikuuliza fulani kalazwa kwa nini, mwambie, "Mama, niombee dua tu, hilo siwezi kulisema." Atakasirika leo, lakini siku akilazwa yeye atakushukuru. Ukivunja amana hii mara moja, watu wa mtaa mzima wataogopa kuja spitali mapema kwa sababu yako.

Utakutana pia na mambo ya imani. Mwezi wa Ramadhani atakuja mgonjwa wa sukari aliyefunga, anatetemeka, anatoka jasho, anazungumza yasiyoeleweka. Hiyo inaweza kuwa sukari imeshuka. Mpime, mwite mkubwa wako, na kama ana fahamu na anaweza kumeza apewe kitu kitamu bila ya kuchelewa. Baada ya hapo ndipo mzungumze kuhusu saumu, pamoja na daktari na, akitaka, sheikh anayemwamini. Usimtolee fatwa wewe. Mtoto ataletwa na degedege na jamaa wakasema ni shetani. Usibishane nao mlangoni wala usiwakejeli. Waache wasome kisomo chao kimya kimya huku wewe unamlaza mtoto ubavu, unapima joto na sukari na kumwita daktari. Hali kadhalika wale wanaolazwa Kidongo Chekundu kwa maradhi ya akili: ni wagonjwa kama wengine, wana mama zao na heshima yao. Ukipelekwa huko kwa mafunzo, nenda bila ya dhihaka.

Ndani ya chuo na wodini, uliza. Kuuliza si ujinga. Ukiambiwa ufanye jambo hujawahi kulifanya, sema, "Sijafanya hili, naomba nitazame kwanza, kisha nifanye mbele yako." Inchaji wa wodi akikugombeza kwa kuuliza, vumilia, lakini usifanye kwa kubahatisha. Mwandishi wa namba za uongo katika chati, aliyeandika joto la mwili 36.8 kwa wagonjwa kumi bila ya kuwapima, ni mtu wa hatari kuliko asiyejua kitu, kwa sababu wengine watafanya uamuzi kwa namba zake. Na wakati wa kukabidhiana zamu usiwe na haraka ya kuwahi gari. Pita kitanda hadi kitanda na mwenzio, mwonyeshe nani anahitaji kugeuzwa kila baada ya saa mbili asipate vidonda vya kulalia, nani hajapata mkojo, nani umemwonea shaka hata kama hujui sababu.

Siku ya kwanza mgonjwa wako atakapofariki, utalia. Lia, si aibu. Mfunike kwa heshima, wape jamaa nafasi, kisha tafuta mkubwa wako umwambie yaliyokukaa moyoni. Usiyabebe peke yako mpaka yakageuka ukali kwa wagonjwa wanaobaki. Muuguzi mkali aghalabu ni mtu aliyechoka ambaye hakuwa na wa kumwambia.

Nanyi wazazi, neno moja. Msimsukume mtoto kwenye uuguzi kwa kuwa mmesikia ajira ipo, wala msimzuie kwa kuwa ana zamu za usiku. Mkae naye mumuulize: anaweza kusafisha matapishi ya mtu asiyemjua bila ya kukunja uso? Akisema bado hajui, basi mpeni nafasi ajaribu kabla hamjalipa ada.

Na nafasi hiyo ipo, mwanangu, huhitaji kungoja barua ya chuo. Kama nyumbani kuna bibi au babu anayeumwa, omba uwe wewe wa kumwosha na kumlisha; tazama miguu yake imevimba zaidi leo kuliko jana, anakohoa wakati gani, amekunywa maji kiasi gani, uandike katika daftari. Fuatana na mhudumu wa afya wa jamii wa shehia yako akikubali. Jifunze huduma ya kwanza kwa Msalaba Mwekundu. Mshike mtu mshipa wa mkono, hesabu kwa dakika nzima. Kwa mtu mzima aliyetulia, 60 mpaka 100 ni kawaida. Tazama kifua kinavyopanda na kushuka, 12 mpaka 20 kwa dakika. Ukifanya hivi miezi kadhaa ukaona bado unapenda kujua hali ya mtu huyu itakuwaje kesho, jaza fomu. Ukiona moyo haupo, hukupoteza kitu, umejua mapema, na ziko kazi nyengine za halali.

Ukishaingia, ingia mzima. Somea mtihani upate cheti, lakini jifunze kwa ajili ya mama yule aliyesema ana kiu, kwa sababu atakuwepo katika zamu yako bila ya kukujulisha. Mwenyezi Mungu akupe elimu yenye manufaa, akulinde wewe na wale watakaowekwa mikononi mwako, na akujaalie jicho linaloona na mkono wenye huruma. Amin.